Baiskeli ya Kushuka Nayo Kasenyi

Jumatatu, 10 Januari 2005

Nimerudi kutoka mkutano wa afya, moyo unadunda kama wa msichana. Muganga Jeannine, mkubwa wa chanjo, ametuambia bila kuficha: surua imeingia kambini Kasenyi, kule ziwani, na inazika watoto. Gari haifiki, daraja limekatika. Pikipiki inanyang'anywa kwenye barrière ya wenye bunduki kabla injini haijapoa. Imebaki baiskeli, kinga kama tunavyoiita hapa.

Lakini wiki iliyopita Katsuva alishusha chupa za chanjo kwa baiskeli yake ya mizigo, chuma tupu, na nusu zilifika vipande. Chupa ni kioo, mlima ni mawe. Jeannine ameshika kile kisanduku akakitikisa mbele yetu. Kikalia kama njuga. Hakuna aliyecheka, hata Katsuva mwenyewe.

Kwa hiyo Jumamosi kuna mtihani. Kila anayetaka kazi alete baiskeli yake, apewe mayai thelathini, ashuke nayo mteremko wa machimbo ya mawe nje ya mji. Atakayefikisha mengi mazima ndiye atapeleka chanjo ziwani, kila wiki, na mkataba juu. Nimeinua mkono. Katsuva amenigeukia kana kwamba mbuzi ameomba kusoma misa.

Mimi! Muuguzi wa miaka tisa kule Kilo. Tangu tukimbie vita, miaka miwili sasa hapa Saio, mtaa wa Bunia, sindano ninayoshika ni ya kushonea suruali za watu. Naitaka ile nyingine. Naitaka mpaka mkono unawasha.

Baiskeli sina. Hilo ni la kesho.

Jumanne, 11 Januari

Sokoni kwa Assani tangu asubuhi. Zake zinatoka Kampala, zimetumika huko, zinavuka ziwa juu ya magunia. Leo alikuwa na tatu.

Ya kwanza ya Kichina, nyeusi, imara, ile ambayo kila mtu anayo. Nimeiruka. Ndiyo iliyovunja chupa.

Ya pili nyekundu, VTT, ile ya milimani, yenye ressort, yaani springi, mbele na nyuma. Loo, uzuri wake! Assani alinivuta nayo: "Mama Priscille, kamata hii. Unaikala kama ndani ya fauteuil." Nikaikalia. Kweli fauteuil, kiti cha wakubwa. Lakini niliposimama juu ya pedali ilizama ikainuka, ikazama ikainuka, na kule nyuma kulikuwa na mlio, kak, kak. Nikashika gurudumu la nyuma nikalivuta kando. Linacheza. Hizo bushi za kiungo cha nyuma zikiisha, utazipata wapi Bunia? Na tena ni nzito, mlimani ningeibeba mimi badala ya yenyewe kunibeba.

Ya tatu ya kijivu, VTT pia, ilikuwa imeegemea ukuta kama mtu asiye na ndugu. Ressort mbele tu, ndani ya ule uma unaoshika gurudumu. Nyuma ni chuma kavu, kimoja, hakuna cha kulegea. Matairi mapana yenye meno. Breki zinauma. Nikabonyeza usukani: uma ukazama polepole, ukarudi polepole. Nikakumbuka milima ya Kilo na baiskeli ya baba, mimi na miaka kumi na mbili, nikishuka nimesimama, magoti yamekunjwa. Mbele ndiko kunakopokea jiwe. Nyuma, miguu yako ndiyo ressort. Hiyo haiuzwi Kampala na haiishi bushi.

Assani akasikitika: "Hii ni nusu, Mama. Nusu ressort." Nikamwambia nusu nyingine nimezaliwa nayo.

Nimeitoa mashine yangu ya kushona. Ndiyo. Ile niliyoibeba kichwani kutoka Kilo siku tatu, watu wakitupa hata godoro. Mke wa Assani aliitamani siku nyingi. Mashine imeenda, baiskeli imekuja.

Hippolyte, mume wangu, ni mwalimu, anauliza kama karatasi ya mtihani. Na ukishindwa? Tutakula nini? Nimemjibu kwamba nikishindwa tutavaa zilizochanika, maana wa kuzishona hatakuwepo. Hakupenda. Lakini nimemwona akibonyeza usukani alipodhani siangalii.

Jumatano, 12 Januari

Nimeshuka kilima cha nyuma ya kanisa mara sita. Mara mbili nimeanguka. Goti la kushoto limekwaruzika. Mabibi wa kisimani waliacha ndoo zao. Mmoja alisema mama mwenye watoto watatu hafai kupanua miguu namna ile. Nikashuka tena ili aone vizuri.

Inashuka! Jiwe linakuja, mbele inalimeza, mimi nakunja magoti, basi. Mikono haiumi.

Kesho nina zamu ya kufagia kanisa. Baiskeli nimemwachia shemeji Destin, mdogo wa Hippolyte, anikazie spoki moja ya gurudumu iliyolegea. Ana karakana yake ya kuchomelea chuma pale njia panda.

Alhamisi, 13 Januari

Sitaandika Destin alivyo. Nitaandika alichofanya.

Hapa mtu akinunua baiskeli haipandi kwanza. Anaipeleka kuongezwa vyuma. Fundi anakata vipande viwili vya chuma cha ujenzi, anachomelea kimoja kila upande wa uma, juu mpaka chini, ili usipinde siku ya magunia. Kila baiskeli ya Bunia ina hizo fimbo mbili. Ni kama ubatizo.

Na Destin, kwa upendo, bila kuulizwa, ameibatiza yangu.

Nimeikuta nje ya karakana, uma mweusi kwa moto, fimbo mbili zimeshikwa kabisa. Nikabonyeza usukani. Nikabonyeza kwa kifua chote. Ukuta. Destin anatabasamu: "Shemeji, ilikuwa ya kuvunjika. Ilikuwa nacheza mbele. Nimeikaza. Sasa haicheze tena. Sitaki kitu, ni ya bure."

Mashine yangu, siku tatu kichwani. Nimekaa chini kwenye vumbi la karakana ya watu na nimelia mbele ya wateja wake.

Kuuliza si ujinga, Destin. Kuuliza si ujinga!

Hippolyte amesema ni alama ya kwamba nisiende. Nimemwambia alama hiyo ina jina, na ni la mdogo wake.

Ijumaa, 14 Januari

Nimefika kwa Destin kabla hajafungua, nikiwa na daftari. Nimemchorea uma umekatwa katikati, bomba ndani ya bomba, ressort imelala ndani. Ameangalia mchoro muda mrefu. Kisha akashika kichwa. "Kumbe iko na ressort ndani? Mama, niliiua." Nikamwambia hujaiua, umeifunga jela, na wewe ndiye utaifungulia.

Amekata kwa msumeno wa mkono, siyo mashine, ili joto lisizidi. Halafu akasugua kwa tupa. Muda wa saa saba nzima. Wateja wamekuja, amewafukuza. Mimi namwaga maji chumani, yeye anapiga tupa. Saa tisa fimbo ya pili imeanguka. Nikabonyeza.

Hakuna kitu.

Destin akachukua mafuta, akayatia kidogo pale bomba linapoingia, akabonyeza, akabonyeza, jasho linamtiririka puani. Mara — fyuu. Ukazama. Ukarudi! Tumeangaliana. Nimemsamehe kabla sijakumbuka kwamba nilikuwa nimeapa.

Sura ya baiskeli sasa ni mbaya sana. Makovu meusi, vinundu vya chuma, kama kitu kilichotoka kwenye nyumba iliyoungua. Destin alitaka kuipaka rangi. Nimekataa, hakuna muda.

Jumamosi, 15 Januari

Nimeshinda. Naandika kwanza hilo, halafu nitaeleza.

Tulikuwa watatu. Katsuva na ile nyeusi yake ya fimbo. Rodrigue, yule anayeuza crédit za simu, na nini? Na ile nyekundu! Ameinunua kwa Assani, amevaa na miwani. Na mimi na kijivu changu cha kuungua. Katsuva alipoona uma alimwambia Rodrigue, nikisikia, kwamba mama huyu ameleta mgonjwa.

Jeannine akagawa mayai, kila mtu kisanduku chake kimoja, nyasi kavu ndani. Wanaume wawili mara moja nyuma, kwenye porte-bagage, ile keria, wanakaza kwa mipira. Mimi nikatoa kitenge changu. Nikakiinamia kisanduku kama mtoto, nikakitupa mgongoni, nikafunga kitenge kifuani, mafundo mawili. Kisha Katsuva: "Ah non! Hiyo si kubeba na kinga, hiyo ni kubeba na mugongo!" Jeannine akajibu kwamba yeye ameomba mayai, hakuomba porte-bagage.

Hawakuwahi kufikiria, hata mmoja. Watoto wote wa Ituri wamevuka vita hivi mgongoni mwa mama, wamelala, shingo hazijavunjika, na wanaume hawajawahi kujiuliza kwa nini.

Katsuva kwanza. Ana nguvu, sikatai, hakuanguka. Lakini kila jiwe lilipanda moja kwa moja kutoka gurudumu mpaka kwenye yai. Mazima tisa.

Rodrigue akaenda kwa mbwembwe. Nusu ya njia nyekundu ikaanza kuruka kama kitanda kibovu, porte-bagage ikashuka ikasugua tairi, moshi, kisanduku kikainama upande. Akamaliza kwa kuisukuma. Mazima kumi na saba.

Mimi. Kidole kimoja kila breki, sikubana, nilibembeleza. Makalio nyuma ya kiti, magoti laini. Jiwe la kwanza, uma ukazama. La pili. Pale penye mfereji nilisikia kisanduku kikipumua mgongoni, kikarudi mahali pake. Sijui nilichukua muda gani. Najua nilikuwa naimba, na sijaimba tangu Kilo.

Ishirini na tisa! Na lile moja, Jeannine mwenyewe amesema lilikuwa na ufa tangu juu.

Nilikaa chini ya mteremko kuwasubiri wenzangu, waliopanda tena juu kubishana. Aliye juu mngoje chini. Katsuva alipofika alinipa mkono, akashika kitenge, akauliza fundo linafungwaje. Nimemwonyesha. Mtu mzima yule, amejifunga kisanduku akazunguka nacho, watu wamecheka mpaka machozi, yeye pia.

Jumapili, 16 Januari

Kanisani nimekaa mbele. Mchungaji amehubiri juu ya unyenyekevu. Nimesikiliza.

Mayai tumekula. Destin amekula manne, anasema ni mshahara wa tupa. Hippolyte ameosha koti langu jeupe la uuguzi kwa mikono yake mwenyewe na kulianika. Kesho alfajiri naondoka.

Jumatatu, 17 Januari

Naandika kwenye barrière, juu ya mteremko, kabla ya ziwa. Nalishika daftari kama rejista ya chanjo, wenye bunduki hawasomi.

Nimefika saa tatu, vizuri, hakuna hata chupa iliyogongana. Kutoka hapa ziwa linaonekana. Kambi pia, mahema meupe.

Wako sita na bunduki. Mkubwa wao, kofia ya sufu, amesema dawa ipite, mama apite, kinga ibaki. Kwa miguu mpaka chini ni jioni, na barafu ya kisanduku haitafika jioni. Moyo wangu ulishuka peke yake bila baiskeli. Akaishika usukani, akaegemea. Uma ukazama. Akaruka nyuma: "Eh! Hii iko ya kuvunjika!" Akaona makovu ya moto. Akabonyeza tena, wenzake wakacheka. Akaniuliza nimetoka Bunia na kitu hiki?

Nimeinamisha kichwa. Nimesema ndiyo, papa, siye bakimbizi tunapata wapi ya muzima. Destin, ungenisikia.

Basi ameiacha. Nilikuwa tayari nimeshika usukani. Lakini huruma imemwingia mkubwa, na huruma ya mwenye bunduki huikatai. Anasema mama hawezi kushuka na kinga ya namna hii, atakufa. Amemwita mmoja wao, Fundi, aje kuukaza uma kwa mpira. Ndiyo maana naandika. Namsubiri fundi wa pili aje kuniponya.

Nimegusa kisanduku. Bado baridi.

Amefika. Mtu mzima, ndevu zina mvi, mkononi ana mpira mrefu wa tairi. Amechuchumaa. Amebonyeza uma mara moja, halafu mara ya pili polepole, sikio karibu na chuma. Ameshika breki, akazungusha gurudumu kwa kidole, kama mtu anayeshika mkono wa rafiki wa zamani. Huyu anajua. Ameniangalia, nami nimemwangalia.

Ameuliza chini chini: "Mama, iyi dawa, ni ya wale batoto ba kambi?"

"Njo yao."

"Mutoto wa myaka mbili, inamufaa?"

"Inafaa."

Amekunja ule mpira taratibu na kuutia mfukoni. Hajafunga hata mzunguko mmoja. Sasa anamwendea mkubwa wake, ambaye amesimama na kuuliza mbona haraka. Fundi anatikisa kichwa, anajibu kwa sauti ambayo hata mimi naisikia huku:

"Chef, ni ya kufa kabisa. Aende nayo hivi hivi. Hata bure miye siwezi kuikamata."

Mkubwa bado hajajibu. Anaiangalia baiskeli, ananiangalia mimi. Kitenge nimekikaza. Mguu wangu wa kulia uko juu ya pedali —