Kiyoyozi cha Chumbani

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo, ila mkono wangu wa kulia una bandeji. Mama anauliza kama lile jicho ulilogonga kwenye kabati limepona.

Jana nilikwenda kufunga kiyoyozi chumbani kwa karani mmoja. Nimeshatoboa ukuta, nakaza bamba la kukitundikia, mkewe akaja kunishikia ngazi, akaninong'oneza: "Fundi, nakuomba kiharibu. Kikiwaka atafunga madirisha, na majirani ndio huja kuamua wakinisikia nalia."

Mumewe alikuwa mlangoni. Alimkamata nywele, akambamiza uso kwenye ukuta ule ule, damu ikachuruzika juu ya vumbi la saruji. Nilishuka na drili mkononi, nikampiga nayo ya mdomo mpaka meno yakadondoka. Sijutii hata chembe.

Ila tangu hapo nakumbuka shemeji alivyonibembeleza nikufungie chako. Mimi mwenyewe nilikukabidhi rimoti, nikakusisitizia: ukiwasha, funga madirisha yote.

Ukiipata barua hii, yafungue. Nakuja nyuma yake na nyundo, niking'oe.

Usimwambie shemeji.

Mdogo wako,
Fundi