Jumamosi, Kidogo…

Jumatatu, 5 Mei

Magari mapya yameletwa yadi kutoka bandarini. Vioo vyote vina chumvi. Nimenakili namba za chesisi hadi macho yakaanza kuona mbili mbili. Mkongomani mmoja kaja kuchukua gari lake, kanigombeza kuhusu redio iliyopotea, kana kwamba nalala nayo mie. Mobeni nzima, mtaa wetu huu wa viwanda, inanuka rangi ya kiwanda cha jirani. Kichwa kinauma.

Mchana somo letu na Haruka, ndani ya gari lililoegeshwa kivulini, kama kila Jumatatu. Yeye ni mkaguzi, kampuni ilimleta kutoka Nagoya. Mimi nanyoosha Kiswahili chake, yeye ananipa Kijapani. Leo kanifundisha kumwalika rafiki. Kwao huanzi na "njoo". Unaanza na moshi yokattara, yaani kama itakufaa. Kisha go-tsugō wa ikaga desu ka, nafasi yako ikoje. Unamwachia mwenzio mlango wa kutokea. Naye akitaka kukataa hasemi hapana. Anasema siku hiyo chotto, siku hiyo kidogo, halafu sentensi anaiacha hewani. Hapo unanyamaza. Ukimsukuma umemkosea adabu.

Nikampa na yetu. Ukikaribishwa usirukie, utaonekana mlafi. Kataa kwanza. Kuna karibu ya mdomoni na karibu ya moyoni, na ya moyoni hurudiwa. Akacheka, akairudia mpaka ikamkaa.

Jumanne, 6 Mei

Haruka anarudi kwao. Moja kwa moja. Ndege ni Jumapili ya tarehe 18. Katuambia ofisini asubuhi, wote pamoja, kainamisha kichwa, basi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikaendelea kukishika.

Nina hasira. Sijui namkasirikia nani.

Mama alipofariki Tanga mie niko huku ugenini, sikuweza kwenda kumzika. Watu wa hapa walinipa pole mlangoni wakaendelea na safari zao, siwalaumu, kila mtu ana yake. Haruka alikaa nami garini mchana ule mpaka kazi ilipoisha. Hakusema kitu. Alinishika mkono tu. Mtu aliyekaa nawe msibani hawezi kuondoka bila kula kwako. Kwetu hilo halina mjadala. Na kwangu hajawahi kufika, kwa sababu mie naona haya. Lifti mbovu, ngazi zinanuka, ghorofa ya tisa.

Jumatano, 7 Mei

Nimekariri maneno mbele ya kioo. Moshi yokattara. Naonekana kama mtu anayeumwa jino.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemwalika. Nimefanya kila kitu kama alivyonifundisha. Nimeanza na kama itakufaa, nikauliza nafasi yake, nikasema Jumamosi, kwangu, Albert Park, wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Kanitazama. Katabasamu kidogo. Kasema, Doyōbi wa chotto… Jumamosi kidogo. Kaacha hewani.

Nikajua. Nikainama, nikasema nimeelewa, nikarudi kwenye namba zangu. Adabu yote nimeitimiza, na nimejisikia kama nimemwagiwa maji ya vyombo.

Alibaki amesimama pale muda. Sikugeuka.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nimepata sababu, au nadhani nimepata. Meneja alikuwa anaongea na dereva nikiwa hapo hapo, kama vile mie ni kabati. Eti bima ya wageni kutoka Japani haitaki waende mjini kati, hasa Albert Park. Kisha akanikumbuka, akasema, eish, samahani Rehema, siyo wewe.

Siyo mimi. Ni ninapolala tu.

Kwa hiyo ni hilo. Anaogopa mtaa wangu. Angesema wazi ningemwelewa, mie mwenyewe naogopa baadhi ya kona. Lakini lile tabasamu.

Jumamosi, 10 Mei

Nazi nilishanunua, samaki nilishanunua. Nimepika. Maji yamekatika katikati ya kupika, nimeshusha ndoo hadi chini nikaipandisha. Nimekula peke yangu. Samaki katoka vizuri mno, hilo ndilo limenikera zaidi.

Jumatatu, 12 Mei

Hakuna somo. Haruka kasema ana kazi. Mie nikaenda kukaa garini peke yangu na mkate wangu, nikamwona kupitia kioo amekaa kwenye gari jingine, safu ya pili, naye peke yake, anakula kutoka kwenye kile kisanduku chake cha chakula. Kazi gani hiyo.

Yeye ndiye aliyekataa, na mimi ndiye ninayenuniwa. Nimetafuta kosa langu usiku wa jana na mchana wa leo, silioni.

Jumatano, 14 Mei

Ofisi imemuaga Haruka kwenye hoteli moja kule ufukweni. Mie nimekaa mwisho wa meza karibu na choo. Meneja katoa hotuba. Haruka kala samaki aliyekaushwa kama soli. Amemmaliza, kwa heshima. Mara moja macho yetu yalikutana, akaanza kusema kitu, kisha akaangalia sahani.

Nilitaka kulia pale pale. Anaondoka amekula hotelini. Mama angeniuliza, mgeni wako alikula wapi, ningejibu nini?

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia Mama Plamedi, jirani yangu Mkongomani, yule wa kuchanganya Kiswahili cha kwao na Kifaransa. Sikuwa na mpango, alikuwa anasuka mtu pale mlangoni mwa jengo letu, akaniona uso. Nimemweleza yote, na mwaliko, na ile chotto, na masomo yetu ya garini.

Aliacha kusuka. "Mais Rehema, mutu akikatala mara moya tu, weye unaachaka?"

Nikamwambia kwao ukikataliwa hurudii, ni utovu wa adabu.

"Kwabo, ndiyo. Na weye ulimufundisha nini?"

Nimepanda ghorofa zote tisa nikiwa nasikia masikio yanawaka. Ukikaribishwa usirukie. Kataa kwanza. Ya moyoni hurudiwa. Ni maneno yangu. Aliyarudia mbele yangu mpaka yakamkaa.

Au la. Labda alikataa kikwao kabisa. Sasa nimebanwa. Kama ile chotto ni ya kwao, nikiuliza tena namtukana, na tunaachana vibaya. Kama ni ya kwetu, basi nimeshamtukana, alinipa nafasi ya kurudia nikamgeuzia mgongo, na tangu siku ile anaamini nilimkaribisha kwa mdomo tu.

Kesho ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Mficha uchi hazai. Nitauliza.

Ijumaa, 16 Mei

Nimeuliza.

Nilimvizia tangu asubuhi. Hakuwa peke yake hata dakika. Mchana ukapita. Jioni alikuwa anakabidhi funguo kwa meneja, nikaona nikisubiri faragha nitasubiri mpaka uwanja wa ndege. Nikaingia ofisini. Kijapani chote kikanitoka. Nikasema kwa Kiswahili, Haruka, njoo ule kwangu kesho.

Meneja akainua kichwa.

Haruka akasema, polepole, kwa Kiswahili, "Kesho, kidogo…"

Miguu ilishaanza kugeuka, naapa. Ni ile adabu mpya, imeniingia hadi kwenye magoti. Lakini hakuwa ameangalia chini. Alikuwa ananitazama mimi, hapepesi, kama mtu anayesubiri robot, taa ya barabarani, ibadilike rangi.

Nikamwambia, hakuna cha kidogo. Samaki ninaye. Usipokuja nitamleta hapa na sufuria lake, na mwiko, nikulishe mbele ya meneja.

"Nitakuja," akasema. Upesi, kabla sijafunga mdomo.

Meneja akaanza habari ya bima. Haruka akamwambia kwa Kiingereza kwamba Jumamosi si ya kampuni, na akampa kalamu asaini kupokea zile funguo. Kwa upole wote. Nimeona watu wakitukana kwa sauti wasipate matokeo kama yale.

Nikamwambia saa saba mchana.

Jumamosi, 17 Mei

Saa saba ilifika, Haruka hakufika. Huyu ni mtu anayefika yadi kabla ya mlinzi. Nikachungulia dirishani, barabara imejaa watu, hakuna yeye. Saa saba na nusu. Nikapiga simu, haipatikani. Nikaona wamempora. Nikaona amefika kwenye kona, ameogopa, amerudi. Nikaona bima. Wali ukaanza kukauka juu. Nikafunika, nikafunua. Nilijichukia kwa kumtoa kwenye nyumba yake yenye mlinzi nikamleta huku kwa ajili ya samaki.

Karibu na saa nane nikashindwa. Nikafunga kanga juu ya gauni, nikateremka mbio, nikiwa nimeshajiandalia la kumwambia polisi.

Alikuwa chini. Amekaa kwenye benchi la Mama Plamedi, mkoba magotini, zawadi imefungwa kitambaa cha bluu, na Mama Plamedi amemsuka mistari miwili upande mmoja wa kichwa.

Nilimuuliza kwa ukali, umekaa hapa tangu saa ngapi? Tangu kabla ya saa saba, na simu imezima. Mama Plamedi kasema alimwambia apande, kakataa. Kwa sababu mimi, mimi mwenyewe, nilimfundisha mwaka jana kwamba kwetu mgeni hafiki saa ile ile, atamkuta mwenyeji bado ana nazi mikononi, amwaibishe. Kwa hiyo alikuwa anachelewa. Alichelewa kwa makini, amekaa ghorofa tisa chini yangu.

Nimekaa kwenye ngazi nikacheka mpaka nikalia. Au nilianza na kulia.

Tulipanda. Mlangoni akasema hodi. Nikasema karibu. Akasema nimeshiba. Nikamwambia, Haruka, leo hapana, ingia tu.

Kala kwa mkono. Kala na mkia wa samaki. Baadaye, tukiwa tunakunywa chai, kaniambia kwa Kiswahili chake cha kupima kila neno: "Ulisema ya moyoni hurudiwa. Nilisubiri wiki nzima."

Nikamwambia na mimi nilikuwa nimefuata yako. Nilikunyamazia ili nisikusukume.

Akafikiri. Kisha akaweka kikombe chini, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakawa yanatikisika. Sikujua anacheka au vipi. Nikamshika mkono, nikakaa kimya, kama alivyonikalia yeye.

Jumapili, 18 Mei

Ameondoka. Sikwenda uwanjani, kampuni ilimpeleka. Nimeosha sufuria. Ile zawadi ni chai ya majani mabichi, chungu. Nimekunywa kikombe chote.

Jumatatu, 26 Mei

Mkaguzi mpya ni kijana mzungu kutoka Johannesburg. Hajambo. Mchana nimekaa garini peke yangu. Mama Plamedi ameuliza mara mbili kama rafiki yangu atarudi amalizie kichwa.

Jumapili, 1 Juni

Mvua nyepesi tangu asubuhi. Lifti imetengenezwa, naamini itakufa tena wiki hii. Nimefua mashuka.

Baada ya swala ya adhuhuri ujumbe umeingia kutoka Nagoya. Haukuanza na kama itakufaa. Haukuuliza nafasi yangu. Umeandikwa kwa Kiswahili, neno moja.

Njoo.

Nimeusoma nikiwa nimesimama. Nauli sina, viza sina, likizo yenyewe ni ya Desemba. Kisha nimemjibu kikwao: Nihon wa chotto… Japani, kidogo…

Nimeweka simu mezani nikaenda kuosha vyombo. Nimekataa mara moja. Nasubiri.

Simu imetikisika. Nakausha mikono kwanza.