Barua Iliyotoka Mara Nne

Jumatano. Mvua ilianza kabla sijatoka nyumbani Mkolani, na mpaka jioni hii bado inadondoka kidogo kidogo juu ya bati. Viatu nimeviegemeza ukutani vikauke. Sina hamu ya chakula. Nimekunywa chai ya rangi, nimekaa kitandani, kompyuta mapajani.

Nataka niandike kilichotokea kwa mpangilio wake, maana kichwani kinazunguka tu.

Leo nimerudi kazini. Nilikuwa kwetu kisiwani Nansio wiki mbili na siku mbili, namuuguza mama aliyeteleza kisimani akavunjika mguu. Anaendelea vizuri, anatembea kwa magongo, ameanza kunigombeza kuhusu chumvi kwenye mboga. Nikaona huyu amepona. Jana nikapanda meli, nikavuka.

Ofisi yetu iko Nyakato. Tunauza pampu na mabomba ya maji, na tuko watu sita. Mimi ni karani, lakini kwa kuwa hatuna fundi wa kompyuta, vitu vyote vyenye waya vimeniangukia mimi. Ruta ya intaneti ikizima, wanaita Leti. Kompyuta ikigoma, Leti. Printa ikikataa, Leti. Nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma kitabu cha maelekezo na kuharibu mara kadhaa.

Kwa hiyo sikushangaa nilipoingia leo asubuhi nikaambiwa printa haichapi tangu Alhamisi ya wiki ile niliyoondoka. Watu walikuwa wanabeba kazi zao kwenye flashi na kwenda kuchapisha kwenye duka la steshenari ng'ambo ya barabara, kwenye mvua hii. Kilichonishangaza ni jinsi walivyonisalimia. Salamu fupi, macho pembeni. Nikadhani ni uchovu.

Dada Adela ndiye peke yake aliyenikumbatia. Huyu ni wa stoo, amenizidi miaka kumi hivi, na kwa miaka minne meza zetu zimegusana. Akaniuliza mama anaendeleaje, anakula, analala. Kisha akasema anatoka kwenda kupokea mzigo wa mabomba, tutaongea vizuri akirudi. Akaacha kompyuta yake ikiwaka.

Nikavuta kiti mbele ya printa.

Nieleze kidogo, kwa asiyejua mambo haya. Printa ya ofisi ina anwani yake kwenye mtandao, ni namba tu, kama namba ya nyumba. Kompyuta zote zinatuma kazi kwenye namba hiyo. Mwaka jana niliiwekea anwani ya kudumu inayoishia na hamsini, nikafunga mipangilio kwa namba ya siri ili mtu asije akabonyeza akaipoteza. Sasa nilipochapisha ukurasa wa mipangilio, nikaona anwani inaishia na mia moja kumi na tatu. Mahali nilipoandika "kudumu" palikuwa pamebadilishwa kuwa "jipatie yenyewe". Yaani printa ilikuwa imehamia nyumba nyingine, na kompyuta zote zilikuwa bado zinabisha hodi kwenye nyumba ya zamani.

Mwanzoni nikafikiri umeme ulikatika ikarudi kwenye hali ya kiwandani. Lakini jina nililoipa lilikuwa bado lipo. Na namba ya siri ilikuwa ile ile niliyoiweka mimi.

Mtu alikuwa ameingia kwa namba ya siri.

Namba hiyo tunaijua wawili. Mimi, na dada Adela niliyemwandikia kwenye daftari lake la kijani kabla sijaondoka, pamoja na hatua moja moja za kufuata. Nilikaa naye nusu siku nikimfundisha. Nikajiambia labda alijaribu kurekebisha kitu akakosea. Linatokea. Nikarudisha anwani ya hamsini, nikaandika zile namba nyingine za ruta na za mtandao, nikahakiki mara mbili, nikabonyeza hifadhi.

Printa ikazima taa, ikawaka, ikaanza kuchapa.

Kazi zote zilizokuwa zimekwama kwenye kompyuta zikawa zinatoka. Hati za kutolea mizigo, orodha ya stoo, tena hati. Nilikuwa nazipanga kwa majina ili nimpe kila mtu zake. Ndipo ikatoka barua yenye jina langu.

Ilikuwa inaenda kwa meneja. Tarehe ni ya Jumatatu ya wiki iliyopita. Chini kuna jina la Adela.

Sitaiandika yote hapa. Ilisema nimeitelekeza ofisi. Ilisema printa imekufa kwa sababu mipangilio yake naijua mimi peke yangu na nimekataa kuwafundisha wenzangu. Ilisema matatizo ya nyumbani yananizidi na sifai kupewa usimamizi wa ofisi. Kisha mstari huu, ambao nimeshaukariri bila kutaka: "Aidha, nimepata taarifa kwamba amepanga kuchelewa kurudi kwa siku mbili zaidi bila ruhusa."

Nakala ya pili ikatoka. Ya tatu. Ya nne. Bila shaka alipoona haichapi alibonyeza tena na tena, kama tunavyofanya wote.

Nikakaa na karatasi nne za barua moja mkononi.

Nafasi ya msimamizi wa ofisi imekuwa wazi tangu aliyekuwepo astaafu. Kabla sijaenda Nansio, meneja aliniambia jina langu ndilo analolifikiria. Nilimweleza Adela siku ile ile. Akacheka, akaniambia, "Hiyo ni yako, mdogo wangu. Mimi nimeshachoka, nasubiri kupumzika tu."

Lakini siyo cheo kilichonichoma. Ni zile siku mbili.

Jumapili, siku moja kabla ya barua hiyo, Adela alinipigia simu. Nilikuwa nje ya wodi, mama amelala. Tuliongea muda mrefu. Nikamwambia daktari anataka kumwona mama tena, kwa hiyo huenda nikachelewa siku mbili, na kesho yake nitampigia meneja kumwomba. Nikamwambia asimwambie mtu kwanza, nitasema mwenyewe. Akasema, "Usiwe na wasiwasi." Kisha tukasali pamoja kwenye simu, yeye akiongoza, akamtaja mama kwa jina.

Asubuhi yake akaandika.

Alirudi saa sita, kanga ya mvua kichwani. Nikamwekea zile karatasi nne mezani kwake.

"Dada, hizi ni zako. Zimetoka zote."

Alizitazama moja moja. Hakukana. Akakaa polepole, bila hata kuvua kanga.

"Leti, naomba unisikilize."

"Nakusikiliza."

Akaniambia Alhamisi ile printa iligoma kidogo, karatasi ilikwama tu, lakini yeye akafikiri ni mtandao. Akafungua daftari, akaingia kwenye mipangilio, akabonyeza pasipotakiwa. Tangu hapo haikuchapa tena. Meneja akaja akasimama nyuma yake, akauliza nani anajua mambo haya.

"Nikaogopa. Nikasema wewe tu. Nikisema nilifundishwa, ataniuliza mbona nimeiharibu."

"Ungenipigia. Ningekuelekeza kwa simu, ni dakika tano."

"Ulikuwa hospitali na mama."

"Jumapili ulinipigia, dada. Hata printa hukuitaja."

Mwenzetu wa mauzo aliyekuwa karibu akainuka akaenda kusimama mlangoni, kama anaangalia mvua.

"Meneja alisema niyaandike," akasema Adela. "Alisema kama hali ndiyo hiyo, iwe kwenye maandishi. Nilipoanza kuandika nikaona na mimi nina watoto, na mimi nimekaa hapa miaka mingi. Sikukaa nikapanga kukuharibia."

"Na zile siku mbili?"

Hapo ndipo alipoanza kulia.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana kama siwezi kuwa mkweli kwenye shajara yangu sijui nitakuwa mkweli wapi. Barua ile ina kipande cha ukweli. Nilimfundisha Adela, lakini wengine wanne sikuwahi kuwafundisha. Nilikuwa napenda kuitwa. Nilikuwa napenda ile sauti ya mtu anayesema "Leti, tuokoe." Ningekuwa nimewafundisha wote, uongo ule usingesimama hata siku moja.

Kuna kingine. Alipokuwa analia, sehemu yangu moja ilifurahi. Sijivunii.

Nikaenda kwa meneja, bwana Magesa, na ukurasa wa mipangilio mkononi. Nilitaka kumwonyesha anwani iliyobadilishwa na hali ya kudumu iliyoondolewa. Hakuutazama.

"Si imeshatengemaa?" akasema. "Basi tushukuru."

"Nimeiona barua, mzee."

Akavua miwani. "Barua ninayo tangu wiki iliyopita. Ililetwa Jumatatu asubuhi, imechapishwa pale steshenari."

Nikaelewa kwa nini siku ile, nilipompigia mchana kuomba siku mbili, alijibu "sawa" moja kavu akakata simu. Alikuwa ameshaisoma. Alinisikia naomba kitu ambacho kwenye karatasi mbele yake kilikuwa kimeshaandikwa kama kosa.

"Mbona hukuniuliza?"

"Ulikuwa na mgonjwa. Sikutaka kukusumbua."

Ni ajabu jinsi watu wawili walivyokataa kunisumbua.

Akaniambia jina la msimamizi limeshapelekwa makao makuu. Jina la Adela. Akasema nisivunjike moyo, nafasi zipo nyingi mbele, mimi bado kijana. Kisha nikasema kitu ambacho sikujua kama ninacho ndani.

"Naomba maelezo yangu yakae kwenye faili moja na barua hiyo."

"Leticia, mambo haya tuyaache."

"Barua yake iliwekwa. Na yangu iwekwe."

Nje pikipiki zilikuwa zinapita kwenye madimbwi. Mwishowe akavaa miwani. "Andika."

Nikaandika ukurasa mmoja. Sikumtukana mtu. Nilieleza ni lini niliweka anwani, ni lini nilimfundisha Adela, ni saa ngapi nilimpigia meneja kuomba ruhusa na yeye akakubali. Nikaambatanisha ukurasa wa mipangilio. Nikachapisha kwenye printa ile ile, nakala mbili. Meneja alizisoma zote mbili kama vile zinatofautiana, akapiga muhuri wa kupokea na kusaini. Moja imebaki kwake. Nyingine iko hapa kitandani, kwenye bahasha ya plastiki, haijalowa.

Haibadilishi kitu. Adela ndiye atakayekuwa bosi wangu. Lakini mtu yeyote atakayefungua faili lile atakutana na sisi wote wawili.

Kabla ya kutoka niliwaita wenzangu watatu mbele ya printa, yule wa mauzo, mhasibu na dereva. Nikawaonyesha anwani inapokaa, ukurasa wa mipangilio unavyochapishwa, karatasi ikikwama unafungua wapi. Dereva ndiye aliyeelewa haraka kuliko wote. Tukiwa tunamaliza, Adela akaja akasimama nyuma, daftari lake la kijani mkononi, akawa anaandika kama ni mara yake ya kwanza kusikia. Sikumfukuza. Sikumtazama pia.

Mhasibu alinisindikiza mpaka kituoni na mwavuli wake. Njiani akasema, "Na sisi tuliamini, Leti. Utusamehe." Nikamwambia yameisha. Hayajaisha, lakini nilikuwa nimechoka kusimama.

Sasa nimebaki na jambo moja dogo ambalo linanisumbua kuliko cheo.

Miaka minne, kila asubuhi, mimi ndiye ninayefika wa pili. Adela anakuwa ameshafungua madirisha. Namwambia shikamoo kabla sijaweka mkoba, ananijibu marahaba mwanangu, ingawa amenizidi kwa miaka ambayo dada tu ingetosha. Sijawahi kuifikiria salamu ile. Ilikuwa inatoka yenyewe.

Kesho saa mbili kasoro nitafungua mlango na atakuwa pale. Nikimpita kimya, ofisi nzima itajua, na nitakuwa nimejishusha mimi. Nikimwamkia, je, nitakuwa nadanganya?

Nimekaa nikiwaza hili tangu nimevua viatu. Nadhani nitamwamkia. Ni mkubwa wangu, hilo barua haikulifuta. Ila nitaisema nikiwa nimesimama mbele yake, namtazama machoni, na sitaondoka mpaka aniitikie.