Baba na Mashine za Breki

Jumanne, 1 Oktoba 1946
Mashine zinaondoka! Warusi walioshinda vita wameamuru kiwanda cha breki za treni kifunguliwe vipande vipande, vyote vipelekwe Urusi — na wanaovifungua ni akina Baba wenyewe. Wakurugenzi walikimbilia Munich kabla vita havijaisha, na jina la kampuni wakaondoka nalo. Sisi Berlin tumebaki na kuta. Lakini wakurugenzi wamemwambia Baba kazi ipo huko, aje. Tutahama mwisho wa mwezi. Munich! Mama ameshaanza kufunga vikombe.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimempelekea Baba viazi kiwandani. Wenzake wanatupia vyuma masandukuni kama kuni. Yeye anavipaka mafuta, anavizungushia vitambaa, anaviandika namba ijulikane kipi kinaingia wapi. Bwana Paschke, jirani yetu, akamcheka: "Krahl, wafungie na utepe basi! Wezi wapate zawadi ya Krismasi." Baba akasema mashine haijamkosea mtu. Ile ya kujaribia breki aliiunda mwenyewe, kabla sijazaliwa. Siwezi kumlaumu.

Jumamosi, 19 Oktoba
Kapteni wa Kirusi kafungua sanduku la Baba. Kauliza nani kafunga hivi. Bwana Paschke kajifanya hasikii. Baba akajibu mwenyewe! Akapewa sigara, akaitwa fundi hodari. Alitusimulia mezani, karibu atabasamu. Mama akaweka kijiko chini.
"Reinhold, ungesema hujui."
"Ningesemaje hivyo, Elfriede? Maandishi ni yangu."
Supu ikapoa.

Jumanne, 22 Oktoba
Asubuhi. Lori liko mlangoni. Askari si wakali — wanabeba kila kitu, hata jiko, hata vikombe vya Mama! Mkalimani anasema kapteni amemtaka Baba kwa jina: miaka mitano, akaziunganishe mashine huko Urusi. Treni inasubiri. Yeye ni lazima aende. Mama na mimi tunaweza kufuata, tukipenda.

Mama amekalia kiti cha mwisho. Amevaa koti, sijui la kwenda wapi. Baba anamwambia, "Sema neno, mke wangu." Anafunga vifungo vya koti. Bwana Paschke amesimama ng'ambo ya barabara, kofia mkononi. Leo hana utani.

Mkalimani ameniuliza, "Na wewe, binti?" Nimemwambia ninamalizia kuandika. Kitanda changu kimeshashushwa. Baba ananitazama. Mama naye ananitazama —