Kitabu cha Nyumba ya Baba

Manika, Kolwezi
14 Januari 2009

Mpendwa Baba mdogo Kanku,

Moyo wenu, kama tunavyosalimiana kwetu. Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama Godelieve, bado anawashinda vijana kulima? Sisi hatuumwi, ila usingizi umenikimbia, na sababu yake sitakuficha.

Bei ya shaba ilipoanguka, mabosi wengi wa Kichina walikimbia. Sasa waliobaki bila karatasi halali wanasakwa na kufukuzwa. Utasema hayo yanamhusu nini muuza unga.

Yananihusu. Mwaka 1993, sisi wenye asili ya Kasai tulipofukuzwa hapa, wewe ulipanda treni ya kurudi Kasai na kitabu cha nyumba ya marehemu baba, hati yetu pekee ya umiliki, ndani ya Biblia yako. Mimi niliporudi Kolwezi nilirudi mikono mitupu. Mwaka jana akaja Louis, wakala anayewatafutia matajiri wa China makazi nje ya nchi yao. Ni makazi ya kwenye karatasi tu, wapate kuhamisha jamaa na mali, kisha waendelee hadi Ulaya. Akaniambia, “Mama, saini tu. Mi ntakutafutia papier ya nyumba. Bale Bachina habatalala humu hata siku moya.” Nikasaini kwamba wanaishi kwangu. Ilikuwa tamaa ya karatasi, baba, si tamaa ya nguo.

Kweli hawakulala. Lakini jana maofisa wawili wa uhamiaji walikuja kuhesabu vitanda. Wakasoma majina: Bwana Liang, mkewe, mama yake, watoto wawili. Nikawaambia hapa hakuna Mchina, wachungulie hata ndani ya gunia la unga. Mmoja akaniuliza, “Na weye, mama, uko nani mu ii nyumba?” Nikatafuta jina langu kwenye orodha yao. Halikuwemo. Louis hapokei simu tena.

Watarudi mwisho wa mwezi, na wamesema asiye na karatasi atoke. Naogopa sana. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka; majirani wameanza kunyamaza ninapopita, kama mwaka ule. Nakuomba umkabidhi kitabu Agnès, huyu aliyekuletea barua. Asikishike mtu mwingine.

Nisalimie Mama Godelieve, na Laure na wanawe. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Nyuma ya bahasha nimeandika jina langu na anwani ya nyumba yetu. Usiitupe. Kwa sasa hakuna karatasi nyingine inayosema kwamba naishi hapa.

Binti yako anayekupenda,
Elise Ngoyi