Picha Tatu za Shingo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limehifadhiwa kwa usalama wake, hujulikana kama Mama Pacha
Umri: Miaka 34
Kazi: Fundi cherehani
Makazi: Nyumba ya tatu nyuma ya karakana ya vyuma

Dada yangu mkubwa ni muuguzi wa wodi ya watoto. Mwezi Januari nilimwekea kwenye simu programu inayohifadhi kila picha mtandaoni yenyewe, papo hapo. Neno la siri tulilijua watatu: dada, mimi na kaka yetu, kwa sababu picha zote za familia zilikuwa humo.

Mnamo tarehe 4 Machi, Jumanne, saa nne asubuhi, dada alifika kibandani kwangu akiwa amejifunga mtandio hadi puani. Alisema mumewe alimpiga na kumkaba jana yake jioni. Alijifungia bafuni akajipiga picha. Shemeji alipogundua aliikanyaga simu, akamwambia, "Haya, kashtaki sasa."

Nilifungua akaunti kwenye simu yangu. Picha zote kumi na nne zilikuwemo. Dada alizitazama, akasema, "Kumbe nimekuwa hivi." Tulikuja hapa kituoni, tukaambiwa turudi Ijumaa.

Alhamisi tarehe 6, saa saba na dakika ishirini mchana, nilikuwa napinda sketi za shule. Nilifungua akaunti nikakuta picha hazipo. Programu ilionyesha zimefutwa kwa simu ya kaka. Nilimpigia.

"Kaka, umefuta picha za dada?"

"Nimefuta aibu. Shemeji amekuja hapa kapiga magoti. Mnataka watoto wakalelewe na nani?"

"Na uso wa dada?"

"Uso utapona."

Nilikata simu. Programu hiyo huweka vilivyofutwa kwenye pipa kwa muda kabla havijapotea kabisa. Nilikuta zote kumi na nne humo. Nilianza kurudisha moja moja. Nilipofika ya sita, moja ikatoweka bila mimi kuigusa. Ikafuata ya pili. Nikajua kaka naye yumo ndani ya akaunti, anazifuta hadi pipani. Niliokoa kumi na moja, kisha nikabadilisha neno la siri. Tatu zilizopotea ndizo zilizoonyesha shingo, alama za vidole.

Saa tisa mama alinipigia. Alisema nisikanyage kwake nikija huku polisi.

Afisa ameniuliza nina uhusiano gani na aliyefuta. Ni kaka yangu wa tumbo moja. Ndiye aliyenilipia mafunzo ya ushonaji na ndiye aliyenisindikiza kwa mume. Sina ugomvi naye mwingine wowote.

Niliyoyasema hapa nimeyaona na kuyasikia mwenyewe, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, ameyakubali kuwa sahihi. Picha kumi na moja zimepokelewa. Wakati wa kuandika, simu ya shahidi iliita mara nne, jina la mama yake likionekana. Hakupokea.