Nundu, Konzi na Mtikisiko

Mume wangu, roho yangu,

Nimechemsha chai mara mbili na zote zimepoa. Tangu kaka yako apande nawe meli kwenda Mwanza ukapigwe picha ya kichwa, nyumba hii ya Rwamishenye hainikalishi. Nakaa, nasimama, naangalia simu.

Unakumbuka siku ile kwenu Ijumbi? Ulikuwa unatoka jikoni kwa mama na mkungu wa ndizi begani, unanitazama mimi badala ya mlango, boriti ikakupata kwenye paji la uso. "Waitu, mwanangu!" mama akalia. Baba akacheka: "Kajigonga tu huyo. Bwana harusi haoni mbele." Ukacheka kuliko wote, ukanishikisha nundu yako. Kesho yake ukaanza kutapika, na daktari akaja na jina lake: mtikisiko wa ubongo.

Nikafungua kamusi yangu ya sekondari kutafuta neno pole zaidi. Nundu ni ile ile ya ng'ombe. Konzi, ulizokuwa ukipigwa na mwalimu kila ulipogeuka kunitazama, ni pia ujazo wa mkono uliofumbwa. Kumbe alikuwa anakugawia maharage utosini! Ngeu, jeraha la kichwani, ni ule udongo mwekundu ambao ninyi maseremala mnatilia alama mbao. Yote yametoka kwenye vitu tunavyovijua, nikayapenda. Lakini mtikisiko umetoka kwenye kutikisika, na ninayetikisika ni mimi.

Kidato cha pili tuliinama wote kuokota chaki moja, vichwa vikagongana. Ukasema, "Turudie, wewe binti. Mara moja ni mkosi."

"Una wazimu?" nikakuuliza.

Nikarudia. Mpenzi, nilirudia kwa furaha mpaka machozi yakanitoka!

Sasa sitaki tena kugongana, hata kwa utani. Nilimwomba baba aikate ile boriti, akakataa. Aliiweka babu yako. Basi Jumamosi nilikwenda Ijumbi nikaizungushia khanga yangu ya harusi, mikunjo minene, nikaifunga kwa kamba ya mgomba. Baba akanung'unika, "Mlango umevaa kilemba." Mama akaniletea khanga yake, tukaongeza.

Majibu yakitoka, yoyote yale, nipigie wewe mwenyewe, si kaka. Kisha rudi. Ukifika mlangoni uiname, mpenzi wangu. Na ukisahau, ukanitazama mimi, ni laini sasa.

Mkeo, bado mpya